SOMO LA HESABU: KUJUMLISHA NA KURAHISISHA SEHEMU ZA ALJEBRA



Katika kila darasa la shule hii, na nadhani katika shule nyingi za Uganda, lipo swali moja ambalo wanafunzi huliruka wakidhani watalirudia, kisha kengele ya mwisho hulia nalo bado halijaguswa. Ni lile swali la sehemu zenye herufi. Mtu ajuaye kujumlisha nusu na theluthi bila taabu, akiona x chini ya mstari hubadilika uso. Wengine hawaliruki. Hulijibu upesi, tena kwa furaha, lakini jibu lenyewe si kweli. Hao wa pili ndio wanaosikitisha zaidi, maana aliyeruka swali anajua kwamba hajui, lakini aliyelijibu vibaya hutoka chumbani akidhani amepata.

Nimeona yafaa kulieleza somo hili kwa Kiswahili katika kurasa zetu. Darasani twasoma hesabu kwa Kiingereza, wala si vibaya. Lakini jambo likielezwa mara ya pili kwa lugha nyingine, mara nyingi hufunguka upande uliokuwa umefungwa. Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili walichukue kama somo. Ninyi wakubwa zetu mliokwisha kutoka shuleni lichukueni kama ukumbusho. Na huko mbele ipo hesabu moja niliyowawekea ninyi hasa.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Namba iliyo juu ya mstari wa sehemu huitwa kiasi, na iliyo chini huitwa asili. Katika 3/8, kiasi ni 3 na asili ni 8. Ili kutomsumbua mpiga chapa, nitaandika sehemu zote kwa mstari ulioinama: kilicho kushoto ni cha juu, kilicho kulia ni cha chini. Palipo na mabano, yote yaliyomo ndani ya mabano ni kitu kimoja.

Sasa shikeni jambo hili, maana somo zima limesimama juu yake: asili ni jina la sehemu, na kiasi ni hesabu yake. Tukisema 3/8 tunasema "tatu za jina la nane", kama vile tungesema ng'ombe watatu au mbuzi watatu. Mtu mwenye ng'ombe watatu na mbuzi wawili hawezi kusema ana ng'ombe watano, wala mbuzi watano. Akitaka kuwajumlisha hana budi kutafuta jina linalowafaa wote, aseme ana wanyama watano. Sehemu nazo ni hivyo hivyo. Hazijumlishwi mpaka zipewe jina moja.

Tutazame chapati. Mmoja amekula nusu ya chapati, mwingine theluthi. Wamekula kiasi gani? Mwenye haraka hujumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini, akapata 2/5. Lakini 2/5 ni ndogo kuliko nusu! Yaani wa kwanza peke yake amekula nusu, na baada ya wa pili naye kula, chapati iliyoliwa imepungua. Jambo hilo haliwezekani. Jibu la kweli ni kutafuta jina la shirika. Nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, na jumla ni 5/6.

Jina hilo la shirika, likiwa dogo kuliko yote yawezayo kutumika, huitwa Kigawe Kidogo cha Shirika, na kwa kifupi K.D.S. Mathalan 5/12 + 7/18: K.D.S. ya 12 na 18 ni 36. Kwa hiyo 15/36 + 14/36 = 29/36. Mtu angeweza kutumia 12 mara 18, yaani 216, naye angefika. Lakini angebeba mzigo mkubwa njia nzima kwa jambo lisilohitaji mzigo.

HERUFI ZIKIINGIA

Herufi ni namba ambayo bado haijatajwa. Basi sheria za namba ndizo sheria zake, bila kuongeza wala kupunguza. Tuanze na iliyo nyepesi:

2/a + 3/b

Majina ni a na b. Jina la shirika ni ab. Ya kwanza tumeizidisha chini kwa b, basi na juu tuizidishe kwa b. Ya pili kwa a, juu na chini:

2b/ab + 3a/ab = (2b + 3a)/ab

Hapo tumefika mwisho. Wako wanaoona uchungu kuacha jibu lenye alama ya kujumlisha ndani yake, wakataka kuandika 5ab/ab. Ndugu zangu, 2b na 3a ni mbuzi na ng'ombe. Waacheni wakae hivyo.

Mfano wa pili: 5/(6x) + 3/(4x²). K.D.S. ya 6 na 4 ni 12, na kwa herufi tunachukua x², maana x imo ndani yake tayari. Ya kwanza inazidishwa kwa 2x, ya pili kwa 3:

10x/(12x²) + 9/(12x²) = (10x + 9)/(12x²)

Mfano wa tatu, asili zikiwa na vipande viwili viwili:

3/(x + 2) + 2/(x − 1)

Hapa ndipo wengi huogopa, na hofu haina sababu. x + 2 iliyo ndani ya mabano ni jina moja, kama vile Mukono ni jina moja ijapokuwa lina herufi sita. Jina la shirika ni (x + 2)(x − 1). Kwa hiyo:

[3(x − 1) + 2(x + 2)]/[(x + 2)(x − 1)]

Fungueni mabano ya juu: 3x − 3 + 2x + 4, yaani 5x + 1. Jibu ni (5x + 1)/[(x + 2)(x − 1)]. Mabano ya chini msiyafungue bila sababu. Yakiwa yamefungwa, mtu huona mara moja kama kuna kitu kinachoweza kufutwa juu na chini. Akiyafungua, huficha alichokuwa akikitafuta.

NJIA YA KUJIPIMA

Kabla hatujaendelea nataka kuwapa silaha isiyohitaji mwalimu wala kitabu. Kwa kuwa herufi ni namba isiyotajwa, itajeni. Wekeni x = 2 katika swali, kisha x = 2 katika jibu. Swali letu la tatu linakuwa 3/4 + 2/1, yaani 11/4. Jibu letu linakuwa 11 juu ya 4 mara 1, yaani 11/4. Yamekubaliana. Kama yangekosana, tungejua hapo hapo kwamba tumepotea, tungali na kalamu mkononi.

Msichague 0 wala 1, maana namba hizi mbili ni wapole mno na huficha makosa mengi. Chagueni 2, 3 au 5. Kazi hii ni ya nusu dakika, na humwondolea mwanafunzi yale majibu ya furaha niliyoyataja mwanzo.

KUTOA, NA ALAMA INAYOSAHAULIWA

Kutoa ni kama kujumlisha, ila panataka uangalifu mahali pamoja. Tazameni:

5/(x − 2) − 3/(x + 1)

Jina la shirika ni (x − 2)(x + 1), na juu tunapata 5(x + 1) − 3(x − 2). Mwenye haraka huandika 5x + 5 − 3x − 6, akapata 2x − 1. Amesahau kwamba alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano inagusa kila kilichomo ndani, si cha kwanza peke yake. Ukitoa kitu ambacho chenyewe kimepungua, umetoa kidogo, basi lazima urudishe: −3 mara −2 ni +6. Kwa hiyo juu ni 5x + 5 − 3x + 6, yaani 2x + 11.

Jipimeni kwa x = 3. Swali ni 5/1 − 3/4, yaani 17/4. Jibu la 2x + 11 latupa 17/4. Lile la 2x − 1 latupa 5/4. Hapo hapo shahidi amesema.

KURAHISISHA

Kurahisisha ni kuondoa kile kilichomo juu na chini kwa pamoja. Lakini si kila kinachoonekana juu na chini chaweza kuondolewa. Tutofautishe mambo mawili. Vitu vinavyozidishana huitwa vigawo. Vitu vinavyounganishwa kwa + au − tuviite vipande. Sheria ni hii: kigawo hufutwa, kipande hakifutwi.

Katika 6x/(3x), x ni kigawo juu na kigawo chini. Futeni, jibu ni 2. Katika (x + 6)/(x + 3), x ni kipande tu. Anayeifuta huandika 6/3, akapata 2, akafurahi. Wekeni x = 2: juu 8, chini 5, na 8/5 si 2. Sehemu hii hairahisishiki hata kidogo, na jibu lake ni kuiacha ilivyo.

Yupo atakayebisha kwa kuniletea 16/64. Futa 6 ya juu na 6 ya chini, inabaki 1/4, na kweli 16/64 ni 1/4! Hata 19/95 ukifuta zile 9 inabaki 1/5, nayo ni kweli. Na 26/65 inabaki 2/5. Namba hizi ni mchezo mzuri wa kuwachekesha wenzenu bwenini, lakini hazithibitishi lolote. Jaribuni kufuta 3 katika 13/34 mpate 1/4, mtaona mmepotea. Jibu lililotokea kuwa kweli kwa njia ya uongo ni bahati, na bahati haiji katika kila mtihani.

Sasa mfano unaokusanya yote tuliyojifunza:

6/(x² − 9) + 1/(x + 3)

Kwanza gawanyeni asili katika vigawo vyake. x² − 9 ni (x + 3)(x − 3). Basi jina la pili limo ndani ya jina la kwanza, na jina la shirika ni (x + 3)(x − 3) peke yake. Anayezidisha x² − 9 kwa x + 3 atafika, lakini amejitwisha mzigo wa bure. Sehemu ya pili inazidishwa kwa x − 3, juu na chini:

[6 + x − 3]/[(x + 3)(x − 3)] = (x + 3)/[(x + 3)(x − 3)]

Juu pamebaki x + 3, nayo ni kigawo kizima. Chini imo pia. Futeni: 1/(x − 3). Swali refu limekuwa jibu fupi. Jipimeni kwa x = 5: 6/16 + 1/8 ni 1/2, na 1/(5 − 3) ni 1/2.

Neno moja la kuongeza. Mkikutana na x − 3 juu na 3 − x chini, msidhani ni majina mawili tofauti. 3 − x ni x − 3 iliyogeuzwa alama, kama mtu yule yule akitembea kinyumenyume. Kwa hiyo (x − 3)/(3 − x) = −1.

Na asili kamwe haiwi sifuri. Katika swali letu la mwisho, x haiwezi kuwa 3 wala −3, maana chini pangekuwa sifuri na sehemu isingekuwa na maana. Wengi hulichukua hili kama amri ya mwalimu tu. Tutaona punde kwamba mto wenyewe huisema amri hiyo.

HESABU YA WAKUBWA ZETU

Sasa wakubwa zetu, sogeeni. Tuseme wanafunzi wa zamani wamepatana kukodi basi dogo kwenda kumzika mwenzao kijijini. Gharama ni g, na watu ni w. Kila mmoja atatoa g/w. Asubuhi ya safari wawili wanapiga simu kwamba hawaji. Je, kila aliyebaki ataongeza kiasi gani?

g/(w − 2) − g/w

Jina la shirika ni w(w − 2). Juu: gw − g(w − 2), yaani gw − gw + 2g, yaani 2g. Jibu ni 2g/[w(w − 2)].

Tuweke namba za mfano. Gharama iwe shilingi 600,000. Watu wakiwa 12, kila mmoja alikuwa atoe 50,000. Wawili wakiacha, kila mmoja anatoa 60,000, nyongeza 10,000. Wakiwa 4 tu tangu mwanzo, kila mmoja alikuwa atoe 150,000. Wawili wakiacha, waliobaki wanatoa 300,000, nyongeza 150,000. Waliokosa ni wawili kule, na wawili huku. Lakini mzigo wa waliobaki umekuwa mara 15. Sababu imeandikwa chini ya mstari: w inazidishwa kwa w − 2, na asili ikipungua sehemu hukua kwa kishindo. Basi kadiri chama kilivyo kidogo, ndivyo ahadi ya kila mmoja ilivyo nzito. Tulikuwa tukilijua hilo moyoni. Sasa twaweza kulionyesha kwa kalamu.

BARABARA YA JINJA

Kutoka Kampala mpaka Jinja ni yapata kilomita 80, kwa barabara ipitayo Mukono, Lugazi na msitu wa Mabira. Tuseme dereva alikwenda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwa sababu ya msongamano, akarudi kwa kilomita 60 kwa saa. Mwendo wake wa wastani ulikuwa nini? Karibu kila mtu hujibu 50. Anayepanga safari kwa 50 hiyo atachelewa, na hatajua kwa nini.

Tupange kwa herufi. Umbali ni u, mwendo wa kwenda a, wa kurudi b. Saa za kwenda ni u/a, za kurudi u/b:

u/a + u/b = u(a + b)/ab

Safari nzima ni 2u. Gawanyeni 2u kwa saa hizo, u inafutwa kwa kuwa ni kigawo, na wastani ni 2ab/(a + b). Wekeni 40 na 60: mara mbili ya 2,400 ni 4,800, gawanya kwa 100, ni 48. Saa ni 2 za kwenda na 1 na dakika 20 za kurudi. Kwa nini si 50? Kwa sababu dereva alikaa muda mrefu zaidi katika mwendo mdogo. Na tazameni, umbali umetoweka katika jibu: ingekuwa Entebbe au Masaka, wastani ungebaki 48.

MASHUA NA MKONDO

Pale Jinja ndipo mto Naili unapotoka ziwani. Tuufuate mpaka kaskazini, karibu na Paraa, mahali ambapo watalii hupanda mashua kwenda kutazama maporomoko ya Murchison. Mashua hupanda mto ikishindana na maji, kisha hurudi ikisaidiwa na maji. Wengi hudhani kwamba msaada wa kurudi hulipa taabu ya kwenda, na safari huwa sawa na ile ya maji yaliyotulia. Je, ni kweli?

Mwendo wa mashua katika maji yaliyotulia uwe m, na mkondo wa maji uwe k. Kupanda ni m − k, kuteremka ni m + k. Tayari tunayo kanuni ya barabara ya Jinja; tuweke a = m − k, na b = m + k. Jumla yao ni 2m, na wakizidishana ni m² − k². Kwa hiyo saa zote ni 2um/(m² − k²). Katika maji yaliyotulia zingekuwa 2u/m. Tutoe moja kwa nyingine:

2um/(m² − k²) − 2u/m

Jina la shirika ni m(m² − k²). Juu: 2um² − 2u(m² − k²). Kumbukeni alama ya kutoa! Inabaki 2uk². Basi tofauti ni 2uk²/[m(m² − k²)].

Kitu hiki hakiwi sifuri mahali popote penye mkondo, wala hakipungui chini ya sifuri maadamu mashua ina nguvu kuushinda mkondo. Maana yake, mkondo hula muda daima, wala haulipi deni lake lote. Jaribuni kwa u = 16, m = 12, k = 4: kupanda saa 2, kuteremka saa 1, jumla 3. Bila mkondo ingekuwa saa 2 na dakika 40. Kanuni yetu yasema tofauti ni 512/1536, yaani 1/3 ya saa, ndizo dakika 20.

Na kama mkondo ukilingana na mashua, yaani k = m? Asili inakuwa sifuri. Katika daftari twasema sehemu haina maana. Mtoni, injini inanguruma, maji yanapita ubavuni, na mashua imesimama pale pale. Haitafika leo wala kesho. Hiyo ndiyo amri niliyowaambia.

WALIOTUTANGULIA

Maji hayo ya Naili hupita hata Misri, na huko, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja jina lake Ahmes alinakili kitabu cha hesabu juu ya mafunjo, mmea ule ule uotao katika mabwawa yetu. Mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Alexander Henry Rhind, na leo yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wamisri walipenda kuandika sehemu zenye kiasi cha 1, na Ahmes aliweka orodha ya 2 ikigawanywa kwa namba witiri mpaka 101. Humo 2/5 imeandikwa kuwa 1/3 + 1/15, na 2/7 kuwa 1/4 + 1/28. Ilikuwa kazi ya subira, namba baada ya namba.

Sisi tuna herufi, na kwa mstari mmoja twasema:

1/(n + 1) + 1/[n(n + 1)] = (n + 1)/[n(n + 1)] = 1/n

Wekeni n = 5, mpate 1/5 = 1/6 + 1/30; kisha zidisheni yote kwa 2, nanyi mtamkuta Ahmes na 2/5 yake.

Neno aljebra lenyewe limetoka katika jina la kitabu cha Kiarabu alichokiandika al-Khwarizmi huko Baghdad, yapata mwaka 820. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi, yaani kugawa mali kwa haki baina ya warithi. Na neno hilo, al-jabr, lilitumika pia kwa kazi ya kuunga mifupa iliyovunjika. Ni jina linaloifaa sana kazi yetu ya leo, ya kuunga vilivyovunjika viwe kitu kimoja.

MAZOEZI

1. Jumlisha 3/(4a) + 5/(6a).
2. Jumlisha 2/(x + 1) + 3/(x + 4).
3. Toa: 4/(x − 3) − 2/(x + 5).
4. Jumlisha na urahisishe 10/(x² − 25) + 1/(x + 5).
5. Rahisisha (x² − 4)/(2 − x).
6. Bomba moja hujaza tangi kwa saa a, na bomba la pili kwa saa b. Yakifunguliwa yote mawili, tangi litajaa kwa saa ngapi? Jaribu kwa 6 na 3.
7. Kwa wenye bidii: onyesha kwamba 1/n − 1/(n + 1) = 1/[n(n + 1)], kisha tafuta jumla ya 1/(1 × 2) + 1/(2 × 3) + 1/(3 × 4) na kuendelea mpaka 1/(99 × 100), bila kutafuta K.D.S. ya namba hizo zote.

Majibu: (1) 19/(12a). (2) (5x + 11)/[(x + 1)(x + 4)]. (3) 2(x + 13)/[(x − 3)(x + 5)]. (4) 1/(x − 5). (5) −(x + 2). (6) ab/(a + b), saa 2. (7) 99/100, maana kila kipande humfuta jirani yake, wakabaki wa kwanza na wa mwisho.

Mtaniuliza katika la saba: je, si ulisema vipande havifutwi? Nilisema havifutwi kati ya juu na chini ya mstari. Lakini −1/2 na +1/2 zikikutana katika jumla moja, hakuna anayeweza kuzizuia zisiondoke pamoja. Atakayelielewa jibu hilo vizuri, huyo amelielewa somo.

Atakayekwama asione haya kunitafuta baada ya masomo ya jioni. Kuuliza si ujinga. Ila aje na daftari, na awe amekwisha kujipima kwa x = 2.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita,
Kampala.